Tiba ya mzizi wa jino: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa anayeogopa kile kiti

"Dokta, we ng'oa tu." Hilo ndilo ombi linalosikika sana kwenye chumba cha meno hapa Dodoma, na mara nyingi anayelitoa hana ugomvi na jino lake. Anachokikimbia ni ile tiba nyingine aliyosimuliwa na jirani: ruti kano, wengine husema kuua mshipa au kusafisha mzizi. Kasimuliwa sindano ndefu, kasimuliwa mtu aliyepiga kelele hadi foleni ya nje ikatawanyika. Mimi kazi yangu ni kumsaidia daktari. Ndiye ninayeshika mrija wa kunyonya mate, kwa hiyo nakaa karibu kabisa na mikono ya mgonjwa na naona inavyokaba vishikio vya kiti. Mingi hulegea kazi ikiwa haijafika hata katikati. Yale maumivu yanayosimuliwa mitaani kwa jina la ruti kano, sehemu kubwa ni maumivu ya siku ambazo mtu alikaa nyumbani akiogopa kuja.

Basi hapa nitakueleza kitakachofanyika tangu jino linapoanza kuuma mpaka linapofungwa moja kwa moja. Mahali penye maumivu nitasema pana maumivu.

Hatua ya 1: Sikiliza jino linauma vipi

Nje ya jino kuna gamba gumu kuliko mfupa. Chini yake kuna tabaka laini kiasi, na katikati kabisa kuna kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayopita ndani ya mzizi hadi nchani. Jino likitoboka, bakteria huchimba taratibu hadi wakifikie kiini hicho. Kikiumia huvimba, lakini kuta ngumu zimekizunguka pande zote na hakina pa kutanukia, kama uji unaochemka kwenye sufuria iliyobanwa mfuniko. Ndiyo maana jino linapiga kwa mapigo ya moyo, na ukilala linazidi, kwa kuwa damu nyingi zaidi inafika kichwani.

Maji baridi yakikuchoma kwa sekunde chache kisha yakaacha, bado una bahati. Huenda kuziba tu kukatosha. Lakini maumivu yakibaki muda mrefu baada ya kumeza, yakija yenyewe bila jino kuguswa, yakikuamsha saa nane za usiku, na chai ya moto ikiyachochea, kiini hicho hakitapona chenyewe. Wengine hufika kliniki na chupa ya maji baridi mkononi, wanasukutua njia nzima kwa sababu baridi ndiyo pekee inayowapa nafuu. Daktari akiiona hiyo chupa huwa ameshapata nusu ya jibu.

Ipo hali ya tatu, nayo ni laghai. Jino limekutesa wiki nzima, ghafla likanyamaza. Watu hushukuru na kuahirisha safari. Kilichotokea ni kwamba kiini kimekufa. Bakteria sasa wanaishi ndani ya mzizi, mahali ambapo damu haifiki tena, na wanatokea nchani kuushambulia mfupa. Baada ya wiki au miezi utaona kijipu kama chunusi kwenye fizi, au jino linageuka kijivu, au linauma ukitafuna, au unaamka shavu limevimba.

Niseme na jambo la pembeni kwa waliokulia kwenye visima vyenye floridi nyingi, kama baadhi ya visima vya Singida na Dodoma. Yale madoa ya kahawia kwenye meno si kuoza, na yenyewe peke yake hayahitaji tiba ya mzizi. Wapo wanaokuja wakidhani meno yao yote yameharibika kumbe ni rangi tu.

Hatua ya 2: Usiku unaposubiri daktari

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamo vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita husaidia, bila kuzidisha vidonge nane kwa siku nzima. Ibuprofeni husaidia zaidi kwa sababu hupunguza na uvimbe, lakini iache kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizo, au ujauzito. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili.

Sasa kuhusu duka la dawa la mtaani. Mtu anaenda pale, anasema jino linauma, anapewa amoksilini na flajili, anarudi nyumbani. Dawa hizo husafiri kwa damu, na kiini kilichokufa hakina damu, kwa hiyo haziwafikii bakteria walioko ndani ya mzizi. Zina kazi yake pale maambukizi yanapotoka nje ya jino: uvimbe unaoenea, homa. Hata hapo ni msaada wa kando. Chanzo lazima kifunguliwe na kusafishwa. Nafuu unayoipata baada ya siku tatu za vidonge mara nyingi ni kile kimya nilichokitaja hapo juu.

Usiweke aspirini kwenye fizi, inaunguza. Usiweke spiriti, wala tumbaku, wala maji ya betri. Karafuu ina heshima yake: mafuta yake yana yujenoli, kitu ambacho hata madaktari wa meno hukitumia kwenye baadhi ya dawa za kuzibia. Tone dogo kwenye pamba juu ya tundu linaweza kukuvusha usiku mmoja. Kumimina chupa nzima kutakuachia kidonda kwenye fizi, na jino bado linauma.

Usisubiri kabisa kukikucha ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, kinywa hakifunguki, mate hayamezeki, sauti imebadilika au pumzi inakuwa nzito. Hiyo si kesi ya kliniki ya asubuhi. Nenda idara ya dharura usiku huohuo.

Hatua ya 3: Uliza kabla ya kukubali

Mjini hapa huduma za kinywa na meno zipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wakongwe bado wanaiita Jenero, zipo Benjamin Mkapa, na zipo kliniki binafsi kadhaa. Si kila chumba cha meno kinafanya tiba ya mzizi kwa kila jino. Meno ya mbele kwa kawaida yana mzizi mmoja na njia moja. Gego la chini mara nyingi lina mizizi miwili na njia tatu. Gego la juu lina mizizi mitatu na mara kwa mara njia nne, nyingine nyembamba na zilizopinda. Uliza bila aibu: "Dokta, magego unayafanya mwenyewe au utanipa rufaa?" Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Ataagiza picha ya eksirei ya jino. Mionzi yake ni kidogo sana, na mama mjamzito pia anaweza kupigwa ikiwa inahitajika, akishasema kuwa ana ujauzito. Picha ikitoka, omba akuonyeshe. Muulize kama jino limebakiwa na sehemu ngumu ya kutosha kushikilia kizibo baadaye. Jino lililopasuka hadi mzizini, au lililobaki vipande chini ya fizi, kulitibu ni kupoteza fedha, na hapo kung'oa ni jibu la haki. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani sisi tunataka kuokoa kila jino.

Kisha uliza jumla ya gharama: kusafisha, kujaza, kizibo cha kudumu, na kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinacholifunika jino kwa juu, kama itahitajika. Watu huulizia bei ya siku ya kwanza tu, wakija kuambiwa bei ya kofia wanatoweka. Kama una bima, peleka kadi dirishani kabla ya siku ya tiba uulize nini kinalipiwa na nini kinahitaji kibali.

Ama yale maneno kwamba jino la juu limefungamana na jicho na ukiligusa utapofuka, au kwamba sindano inafika kwenye ubongo: hakuna njia ya namna hiyo. Kazi yote inaishia ndani ya jino, kwenye ncha ya mzizi.

Hatua ya 4: Asubuhi ya siku yenyewe

Kula. Wengi huja na njaa wakidhani wanakwenda kupasuliwa, kisha kizunguzungu cha njaa wanakiita ganzi mbaya. Chai na kiporo, au uji, kisha piga mswaki. Meza dawa zako za presha au kisukari kama kawaida yako. Usinywe pombe ya kujipa moyo. Mvinyo wa zabibu zetu utaukuta ukirudi, siku nyingine.

Mweleze daktari, hata kama hajauliza: presha, kisukari, ugonjwa wa moyo hasa wa valvu, selimundu, ujauzito, dawa za kuzuia damu kuganda, mzio wa dawa au wa mpira. Na useme kwamba unaogopa. Hapo watu wazima hukwama, hasa wanaume. Alikuja mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, nikamwamkia, akaitika "marahaba mwanangu" kwa sauti ya mtu asiyejali kitu, na shati limelowa jasho mgongoni. Daktari akamwuliza, "Mzee, tuanze, au kuna linalokusumbua?" Akakaa kimya kidogo, kisha: "Utotoni niling'olewa jino kabla dawa haijashika." Baada ya hapo kila kitu kilikwenda pole. Daktari akijua, anabadilisha mwendo wake.

Kisha wekeni ishara. Mdomo ukiwa wazi huwezi kusema, kwa hiyo kubalianeni kwamba ukiinua mkono wa kushoto, mashine inazimwa papo hapo. Mjaribu mara moja mapema, hata kama huna shida, uone kama kweli anasimama. Sijui dawa ya woga inayoshinda hiyo. Mwingine huweka spika za masikioni asikie kwaya au bongo fleva badala ya mashine. Mwingine huvuta pumzi kwa pua akihesabu hadi nne na kuitoa taratibu zaidi ya alivyoivuta. Mtu wa kukusindikiza pia ni vizuri, ila asiwe yule shangazi mwenye hadithi.

Hatua ya 5: Ganzi

Hapa ndipo penye kuchoma, na huchukua sekunde chache. Baadhi ya kliniki hupaka kwanza jeli ya ganzi kwenye fizi. Sindano ni nyembamba, kinachouma zaidi ni dawa kuingizwa kwa haraka, kwa hiyo una haki ya kusema, "Dokta, taratibu." Kwa meno ya juu huchomwa pembeni ya jino. Kwa magego ya chini huchomwa nyuma ya taya, pale mshipa wa fahamu unapoingilia mfupani, ndiyo maana nusu ya mdomo wa chini na ulimi hufa ganzi yote.

Moyo ukienda mbio kwa dakika moja au mbili baada ya sindano, usidhani unakufa. Ganzi nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili dawa ikae mahali pake kwa muda mrefu. Hutulia.

Subiri dakika tano hadi kumi. Mdomo usipohisi mzito, sema. Ukiwa mzito lakini jino bado linachoma, sema pia, kwa maana hilo hutokea, hasa kwa gego la chini lenye kiini kilichowaka: uvimbe hubadilisha hali ya nyama na dawa hushika kwa shida. Si kwamba wewe ni mwoga au una "damu inayokataa ganzi". Daktari ana njia za ziada. Anaweza kuongeza dawa, kuchoma kwenye uwazi mwembamba kati ya jino na mfupa wake, au, mara chache, kuweka tone ndani ya kiini chenyewe. Hiyo ya mwisho inauma kwa nukta moja ya ukali, kisha kimya. Mgonjwa anayevumilia kimyakimya ili asimsumbue daktari ndiye anayekwenda kusimulia habari mbaya mtaani. Tusumbue.

Hatua ya 6: Kinachofanyika ndani ya jino

Jino hufunikwa kwa karatasi nyembamba ya mpira yenye tundu, ili mate yasiingie na dawa isikushukie kooni. Wengine huhisi kama wanabanwa. Pumua kwa pua, nafasi ipo. Mashine itafungua tundu juu ya jino. Utasikia mlio na mtikisiko. Mtikisiko siyo maumivu, ingawa masikio ya mtu mwenye woga hayaamini. Shinikizo utalihisi, kwa sababu ganzi huzuia maumivu, haizuii kuhisi kusukumwa.

Kisha vinaingia vifaili, vyuma vyembamba kama sindano vyenye makali ya kukwangua, kuanzia chembamba kabisa. Daktari hupima urefu wa kila njia kwa picha au kwa kifaa cha umeme kinacholia ncha inapokaribiwa. Kati ya kifaili na kifaili anasukutua kwa dawa yenye harufu unayoijua kutoka kwenye kufua nguo nyeupe: ni sodiamu haipokloraiti, jamii ileile ya Jik, ikiwa imepimwa kwa kazi hii. Ikikudondokea kooni, inua mkono.

Njia zikiwa safi na kavu hujazwa gutapecha, utomvu wa miti ya Kusini-Mashariki mwa Asia, pamoja na gundi maalumu. Kama kuna usaha, au muda hautoshi, daktari huweka dawa ya kalsiamu ndani, anafunga kwa kizibo cha muda, na kukupangia siku ya kurudi. Kikao kimoja huwa kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Wagonjwa wengine husinzia, na hapo ndipo mimi hulazimika kuwashikia kidevu.

Hatua ya 7: Ukishafika nyumbani

Midomo itabaki mizito kwa saa kadhaa. Usitafune chochote hadi ganzi iishe, utajing'ata bila kujua; wenye watoto wawe macho zaidi. Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha, usisubiri yaanze. Siku mbili tatu za kuuma ukitafuna ni kawaida, na hupungua kila siku. Yakiongezeka badala ya kupungua, au uvimbe ukianza, rudi.

Chakula? Huu ni mkoa wenye bahati. Ugali laini kwa mlenda unashuka wenyewe, tafuna upande wa pili. Karanga, bisi, mifupa na ubuyu wa kumumunya viache mpaka jino lizibwe moja kwa moja. Mswaki piga kama kawaida, taratibu tu upande huo.

Hatua ya 8: Rudi, hata kama haliumi

Ningepewa nafasi ya kusema jambo moja tu, ningesema hili. Tiba nyingi za mzizi zinazoharibika ninazoziona ni zile zisizomaliziwa. Kikao cha kwanza kinaondoa kiini kilichokuwa kinauma, na maumivu yanaondoka nacho. Mtu anajiona mzima. Yuko Kondoa, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa, nauli ya kwenda na kurudi ni fedha. Yuko Mpwapwa, anasema nikiuza alizeti nitakuja. Namwelewa kabisa. Lakini kizibo cha muda kimetengenezwa kwa wiki chache. Kikichakaa, mate hupenya na bakteria wanarudi kwenye nyumba iliyokwishasafishwa. Baada ya miezi sita anarudi na jipu, na safari hii kweli jino linang'olewa. Halafu kijijini inasemwa ruti kano haifai.

Kwa hiyo panga kabla ya kuanza. Mwambie daktari unatoka mbali. Jino lisilo na usaha mara nyingine linaweza kusafishwa na kujazwa kwa kikao kimoja. Kama fedha haitatosha kwa yote, sema mapema mpange mpangilio wa kulipa, au ahirisha kofia lakini usiahirishe kizibo cha kudumu. Na kofia nayo isisahaulike kwa gego: jino lililotibiwa limepoteza sehemu kubwa ya kuta zake, na likitafuna bila kufunikwa linaweza kupasuka hadi mzizini. Meno ya mbele mara nyingi yanatosheka na kizibo.

Baada ya miezi sita hadi mwaka, piga picha nyingine. Kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi kinatakiwa kiwe kimepungua, maana mfupa hujijenga polepole. Kisipopungua, njia zinaweza kufunguliwa na kusafishwa upya, au ncha ya mzizi kutibiwa kwa upasuaji mdogo, na zikishindikana zote ndipo jino linatoka.

Picha zote mbili, ya kabla na ya baada, zipige kwa simu yako uzihifadhi. Ukihamia Dar au Mwanza, daktari mpya atataka kujua njia ngapi zilijazwa, na kadi za kliniki huwa zinapotea.